Kibaba cha Nani

Mashuka mia nne na kumi kwa zamu moja.
Nayajua kwa mikono kuliko kwa macho:
la mzazi lina uzito wake,
la mgonjwa wa figo lina harufu yake,
la marehemu huja limekunjwa vizuri kuliko yote,
maana kuna muuguzi aliyeona haya kulitupa hivihivi.

Udobi wetu uko chini bondeni, Valparaíso,
mji uliotundikwa vilimani kama nguo kambani.
Kila Jumatano baada ya zamu tulipanda ngazi
mia na sitini na mbili, hadi jikoni kwa Yasna.
Tulikuwa watano. Sita, ukimhesabu mbwa,
na mbwa ndiye pekee asiyetoa udhuru.

Mvua ya Julai ikigonga bati.
Yasna aliweka ganda la chungwa juu ya hita ya mafuta ya taa,
jiko likanukia kama nyumba ya watu wenye nafasi.
Nolberto alifungua kitabu kisicho na jalada,
akasoma ukurasa mmoja kwa nusu saa
kama mtu avukaye mto juu ya mawe yenye utelezi.
"Thamani ya ziada," akasema, akanyamaza.
Tukanyamaza naye.
Ermelinda akakoroma.
Nami moyoni: haya ni maneno ya wenye viatu vikavu.

Ikawa hivyo wiki tatu.

Ya nne, Ermelinda, aliyeishia darasa la tatu,
akasema, "Kifunge kidogo hicho. Leteni maharagwe."
Akahesabu punje kumi mezani.
"Hii ndiyo bei hospitali inayolipa kwa shuka moja."
Akasogeza: mbili sabuni, moja umeme,
moja mashine inavyochakaa.
Mbili na nusu, akaipasua moja kwa kisu, ndio sisi.
Zilizobaki akazifunika kwa kiganja.

Hata mbwa aliacha kujikuna.

Haba na haba hujaza kibaba, niliambiwa.
Kweli, hujaza.
Miaka kumi na tisa nimejaza.
Sikuwahi kuuliza kibaba cha nani.

Usidhani tulitoka pale tukiimba.
Wiki iliyofuata tulikuja tisa, kisha wanne.
Rigoberto alipeleka majina yetu kwa msimamizi;
ana mtoto anayehitaji dawa ya pumu,
na dawa haingoji haki ifike.
Kumwelewa nimemwelewa.
Kumsamehe, niulize siku nyingine.

Nolberto alitaka bendera, na jina la chama.
Yasna alitaka glavu.
Wakabishana mpaka hita ikaishiwa mafuta,
tukaendelea gizani, tumejifunika makoti.
"Mapinduzi ya glavu!" akafoka Nolberto.
"Wewe," Ermelinda akamjibu, "hujakunjua shuka
ukakuta sindano inakusubiri ndani."
Akanyoosha kidole gumba, chenye kovu.
Nolberto alikitazama muda mrefu.
Tukaanza na glavu.

Sahihi kumi na mbili. Thelathini na moja.
Kisha asubuhi moja tukazima mashine, dakika kumi na moja tu,
na katika ukimya ule nikasikia kwa mara ya kwanza
Fresia wa pasi ana sauti nzito kama ya kasisi;
miaka sita tulikuwa tukiongea kwa nyusi.

Glavu zikaletwa. Zote kubwa, za mikono ya wanaume.
Tukacheka, tukazivaa, tukaandika barua nyingine.

Kitabu sasa nimefika ukurasa wa arobaini.
Naenda polepole. Kila sentensi naipima kwa punje,
na zipo zisizopimika; hizo namrudishia Nolberto
aziumie kichwa mwenyewe.

Jana alipanda msichana wa zamu ya alfajiri, Maite,
amelowa, akasimama mlangoni:
"Hapa ndipo mnaposoma?"
Yasna akamvutia kiti karibu na hita.
"Mashuka mangapi leo?"
"Mia nne na sitini. Wameongeza."

Ermelinda akainuka, akafungua kabati,
akatafuta maharagwe.